Daktari akimtesa mtu, mtoto nimwambie nini?

Mama wa Donholm: Kwetu Doctor Who, ile tamthilia ya Uingereza ya Daktari anayesafiri katika wakati, hutazamwa na wote, hata nyanya yao. Lakini ile ya 2025 ya mashindano ya nyimbo angani imeninyima usingizi. Kid, yule mhalifu, alitaka kuua watu trilioni tatu, sawa. Ila keshashindwa, na Daktari bado anampiga shoti za umeme, tena na tena. Binti yangu wa miaka minane akajivuta leso mpaka puani: "Mama, si huyu ndiye mzuri?" Kipindi cha familia ndiyo kimefika hapo?

Fundi Redio: Hapo ndipo kilipoanzia. Hadithi ya kwanza kabisa, 1964, mzee Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa Daktari, aliokota jiwe ammalize mtu wa pangoni aliyejeruhiwa. Ian, msafiri mwenzake, ndiye aliyemshika mkono. Na 1984 Colin Baker, akiwa Daktari, alimkaba koo Peri, msafiri mwenzake. Hatujawahi kuwa na malaika.

Kayole Moja: 1963, mzee wangu. Novemba 23.

Fundi Redio: Haya, 63. Jiwe ni lile lile.

Wa Ngara: Mama, kwani rimoti ilikuwa na nani? Miaka minane!

Mama wa Donholm: Nilikuwa naye kwenye kochi, ndugu yangu, usinifundishe kulea. Na hilo la jiwe silikatai. Lakini Ian alimzuia palepale, mtoto akaona kuwa kuna mipaka.

Msafiri: Semeni ukweli, mnamwandama Gatwa, Daktari wa hiyo ya 2025, kwa kuwa ni mweusi. Tennant, akiwa Daktari, alizamisha watoto wa Racnoss, wale viumbe kama buibui, Krismasi ya 2006, mkanyamaza. Leo ni mtoto wetu wa Afrika Mashariki, mnalia.

Wa Ngara: Wetu tangu lini? Kazaliwa Rwanda, kakulia Uskoti.

Msafiri: Rwanda iko kwenye Jumuiya tangu 2007. Ni wetu.

Kayole Moja: Kama ni wetu, ile hadithi ya Gatwa ya kinyozi mbona waliipeleka Lagos? Hapa Nairobi kila kona ina kinyozi, na picha za mitindo zimechorwa ukutani.

Wa Ngara: Mwandishi wake ni mzaliwa wa Nigeria. Ulitaka aandike Kayole?

Kayole Moja: Ndiyo! Kwani Kayole ina nini?

Mama wa Donholm: Msafiri, hilo la rangi umenikosea sana. Picha ya Gatwa iko juu ya kitanda cha binti yangu, tumeibandika pamoja kwa selotepu. Angekuwa mwingine yeyote, asingeuliza.