Mafundi umeme wa pikipiki mnaotibu kwa kubahatisha, siku moja mtatuchoma

Wakuu nimekuja na hasira mnisamehe. Nina Honda CG125 ya 1998, kaniachia mzee, injini haina shida kabisa, kiki moja imewaka. Tatizo nikikata kona kushoto taa zote zinakata, honi kimya, indiketa kimya, ila injini inaunguruma kama kawa. Ukifungua unakuta fyuzi imeungua, naweka nyingine, siku mbili tu nayo kwisha.

Nikapeleka kwa fundi wa kijiweni, hakushika mita ya kupimia umeme, hata tenki hakutoa, kaangalia hivi akasema hiyo CDI boss, yani kile kiboksi kinachosukuma umeme wa cheche ya plagi. CDI!! Pikipiki inawaka na inatembea, CDI imefanya nini? Tena kwenye hii yangu CDI inapata umeme wake moja kwa moja toka kwenye koili ya huko kwenye magneti inayozungushwa na injini, betri haiihusu, ndo maana injini ilikuwa haizimi. Ila siku ile sikuyajua hayo nikatoa 25,000. Wiki iliyofuata ikawa regyuleta, kile kifaa cha kudhibiti chaji ya betri, 18,000 nyingine. Ile ya zamani nimekuja kuirudisha mwenyewe nikapima kwenye betri huku nimevuta mafuta, inasoma volti 14.2, yani nzima kabisa, mbovu ingepanda kupita 15 au isingefika hata 13.

Sasa sikia hii. Mara ya tatu akatoa fyuzi akaweka kipande cha waya wa shaba, eti "hapa haiungui tena". Kweli haikuungua fyuzi, ziliungua waya, niko barabarani saa mbili usiku nasikia harufu ya plastiki, moshi unatoka chini ya tenki la petroli na mimi nimelikalia jirani. Nilichomoa betri mikono inatetemeka aisee.

Nikanunua mita 15,000 nikakaa nayo mwenyewe jumamosi. Kuna mzee mmoja fundi wa magari kanifundisha, toa fyuzi, weka globu ya taa ya breki mahali pake, washa swichi. Ikawaka hafifu tu. Nikageuza usukani kulia, vile vile. Kushoto, paap, ikawaka kali, yani umeme unavuja moja kwa moja kwenye bodi! Shoti iko shingoni, pale usukani unapozungukia. Nikafunua, waya mweusi unaotoka kwenye swichi umesuguliwa na fremu hadi shaba inaonekana, juu yake kuna selotepu ya mtu wa zamani imeshalegea inanata tu kama asali. Nimekata, nikalehemu, nikavisha mpira, na zile waya za kijani za bodi, za hasi, nikazikwangua kutu. Jumla na waya nilizobadilisha zilizoungua haikufika elfu 10.

Nimemtumia fundi picha kwa wasap nikamwambia nataka hela yangu ya CDI. Kajibu "boss ilete tuicheki tena, hiyo itakuwa koili".