Kariakoo inapangwa upya kama vile hakuna anayelala hapa

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hili wiki nzima, leo nalitoa. Jumamosi iliyopita wakazi wa mtaa wetu hapa Kariakoo tuliitwa kikaoni "kushirikishwa" kwenye mpango wa kuliendeleza upya eneo letu. Tumefika saa tatu, wameanza saa tano na nusu. Mtaalamu akabandika mchoro ukutani: maduka chini, ofisi katikati, makazi juu. Karatasi ya mahudhurio ikapita, tukasaini. Nikauliza, majitaka ya maghorofa yote hayo yanakwenda wapi? Nikajibiwa hilo lina hatua yake. Jana nasikia karatasi ile ile ndiyo ushahidi kwamba wananchi tumeridhia. Tumeridhia nini? Mimi nimesaini kwamba nilikuwepo!

Nimezaliwa hapa, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, uani bomba moja na choo. Baba alipofariki tukaingia ubia na mjenzi: sisi kiwanja, yeye fedha, tukagawana. Leo ni ghorofa nane. Chini fremu za maduka. Kuanzia ya pili hadi ya tano, ambazo kwenye kibali ni makazi, zimegeuka stoo za viatu na vitenge. Mama yangu anaishi ya sita. Jirani naye kapandisha la kwake, na nikinyoosha mkono dirishani kwa mama naugusa ukuta wake. Saa sita mchana mama anawasha taa ili achambue mchele. Ngazini maboksi yamepangwa hadi unapita ubavu ubavu. Moto ukizuka, bi mkubwa wa miaka zaidi ya sabini anashukia wapi? Na moto tunaujua, Julai 2021 soko kuu liliungua tukiliangalia.

Masika chemba ya majitaka ya mbele inafumuka, wenye fremu wanatandika mapaleti ili wateja wapite juu ya kinyesi. Kila jengo lina kibali chake, lakini mtaa mzima hauna mwenyewe.

Halafu Novemba 16, 2024. Jengo liliporomoka, tukazika watu wasiopungua 29. Tume ikaundwa, majengo yakakaguliwa. Tangu siku ile nikisikia mashine inachimba kwa jirani usiku, silali.

Sheria ya Mipango Miji tunayo tangu 2007. Ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, inayotaka wenye sehemu wawe na chama chao. Jengo letu halina chama, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Wakazi wa Magomeni Kota, waliohamishwa ili nyumba zao zibomolewe na kujengwa upya, walisota karibu miaka kumi, lakini angalau kaya zao 644 zilihesabiwa, zikarudi. Huku kwetu hajapita mtu mlangoni kuuliza wanaolala humu ni wangapi. Kwenye ule mchoro nimetafuta sehemu ya watoto kuchezea, nimetafuta njia ya gari la zimamoto. Sikuviona. Maegesho nimeyaona.

Siupingi ujenzi, familia yangu imejenga. Ninachotaka ni bomba la majitaka lipangwe kabla ya ghorofa, na stoo zitoke kwenye sakafu za makazi.

Jumatatu saa mbili asubuhi nakwenda kudai jina langu litolewe kwenye ile karatasi, kwa maandishi. Kama ulisaini Jumamosi ile na upo humu, njoo PM (ujumbe wa faragha) tuongozane.