Je, fikra za kidini zina nafasi gani katika maadili ya mawasiliano?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninasoma nadharia hakiki ya jamii, hasa maandishi ya mwanafalsafa wa Ujerumani Jürgen Habermas, na kuna jambo linanitatiza. Kwa mujibu wake, na hayo ndiyo maadili ya mawasiliano, kanuni ni halali pale tu ambapo wote wanaoguswa nayo wangeweza kuikubali kwa hoja, bila shuruti. Mwaka 1981 aliandika kwamba mamlaka ya vitu vitakatifu huipisha hatua kwa hatua nguvu ya makubaliano. Lakini Oktoba 2001, akipokea tuzo mjini Frankfurt, aliitaka jamii ya kisekula, yaani isiyojengwa juu ya dini, isijinyime hazina ya maana iliyomo katika dini. Je, aligeuza msimamo?

Jibu la kwanza
Nionavyo, alipunguza matarajio yake kuhusu usekula, ila msingi hakuugusa. Katika mijadala ya hadhara muumini yuko huru kusema kwa lugha ya imani yake, lakini hoja ikifika bungeni au mahakamani sharti itolewe kwa lugha ambayo hata asiyeamini anaweza kuipima. Kielelezo chake ni fundisho kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, ambalo ndani yake mna wazo la hadhi sawa ya kila mtu. Na mzigo huo si wa muumini peke yake: asiyeamini naye anatakiwa asikilize akikubali kwamba huenda akafunzwa jambo.

Jibu la pili
Kuhusu utaratibu sina ubishi, ila uzito wa swali nauona kwingine. Majadiliano yanahitaji watu wanaoweza kusema, waliouawa je? Mwaka 1937 mwanafalsafa Max Horkheimer alimwandikia mwenzake Walter Benjamin kwamba dhuluma iliyopita imekwisha kutendeka na waliouawa wameuawa kweli. Benjamin alishikilia kwamba kumbukumbu inaweza kuyafungua tena mateso yaliyodhaniwa kufungwa, naye alikiri kuwa hiyo ni teolojia. Mwanateolojia Helmut Peukert alilirudia suala hili mwaka 1976, akiuliza mshikamano wa wote una maana gani iwapo waliokufa wakiupigania wameachwa nje. Mama anaposimama mbele ya tume ya ukweli na kulitaja jina la mwanawe, hatafuti makubaliano ya waliohudhuria tu; anadai haki kwa niaba ya asiyeweza tena kuidai, na maadili ya mawasiliano, kwa jinsi yalivyojengwa, hayana pa kumweka huyo aliyekufa.

Jibu la tatu
Hoja hiyo ni nzito, lakini tusiivushe mpaka wake: kuhitaji ukombozi, yaani haki kwa hao waliouawa, hakuthibitishi kwamba upo. Mwanafalsafa Theodor Adorno alilizingatia hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Minima Moralia, aliitaka falsafa iyatazame mambo yote kama yatakavyoonekana kwa upande wa ukombozi, kisha akaongeza kwamba kama ukombozi wenyewe ni wa kweli au la, hilo karibu halina uzito. Sehemu ya kwanza naikubali kabisa. Ya pili siwezi, kwa sababu kwa mama huyo aliye mbele ya tume, hilo ndilo swali lenyewe.