Mnunuzi wa lumbesa na amri ya "Usiibe"

Mjumbe wa Uwakili, Njombe
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika ushirika wetu somo la uwakili, yaani utunzaji mwaminifu wa mali tuliyokabidhiwa na Mungu, hufundishwa kila mwaka, lakini kwa kawaida huishia kwenye sadaka, ahadi na fungu la kumi. Muumini mmoja hununua viazi mviringo kwa wakulima, wengi wao washarika wenzake, kwa gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake na kuongezewa kilemba juu, hata uzito wake ukavuka kikomo cha kisheria cha kilo 100, naye hulipa bei ya gunia moja. Fungu la kumi hutoa bila kukosa. Je, huyu ni wakili mwaminifu, au anavunja amri ya "Usiibe" ingawa mkulima mwenyewe ameridhia bei?

Mwinjilisti
Anavunja, ndugu yangu. Sisi Walutheri huihesabu amri hiyo kuwa ya saba, Waanglikana na Wasabato ya nane, ila katazo ni moja. Martin Luther alipoieleza katika Katekisimu Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, hakuishia kwenye kunyang'anya fedha za jirani, bali alitaja pia bidhaa mbaya na biashara ya hila, kisha akaongeza wajibu ambao wengi wetu huuruka tunapokariri, yaani kumsaidia jirani atunze na kuongeza mali yake.

Mfanyabiashara wa mazao
Naomba kutofautiana nawe, Mwinjilisti. Mnunuzi akiacha lumbesa peke yake, hali wenzake wote wanaipakia, atafika Dar es Salaam na mzigo wa gharama kubwa kuliko wote na kurudi na hasara. Tena bei hupangwa pande zote mbili zikijua kwamba kilemba kipo. Wizi uko wapi?

Mama Mchungaji
Hoja ya ushindani ni ya kweli wala haifai kubezwa. Ya maridhiano naikataa. Mkulima anayedaiwa fedha za mbolea, huku viazi vilivyokwisha kung'olewa vikianza kuharibika, hana nafasi ya kugoma, na kama kweli pande zote zinaujua uzito, sioni kwa nini mizani iogopwe.

Lakini swali la Mjumbe lilihusu pia fungu la kumi. Mambo ya Walawi, sura ya 6, inamwagiza aliyedhulumu arudishe alichotwaa, aongeze sehemu ya tano juu yake na kumkabidhi mwenye mali; baada ya hapo ndipo anatajwa kondoo dume wa kupelekwa kwa kuhani. Zakayo naye aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Sadaka iliyotokana na kilemba, hata ikiwa kubwa namna gani, haimrudishii mkulima kiazi kimoja, na kamati inayomsifu mtoaji huyo mbele ya washarika aliowapunja inawaumiza mara ya pili. Ningeshauri ushirika ununue mizani, viazi viuzwe kwa kilo, na somo la uwakili lifundishwe kabla magari ya wanunuzi hayajaingia mashambani, badala ya kungoja Sikukuu ya Mavuno.