Mrejesho: AC ya motahomu ilikuwa inapuliza tu, haipozi

Wakuu, ile AC ya paani kwenye motahomu yangu (gari la kuishi ndani) ya 1996 huku Texas, iliyokuwa inazungusha feni bila kompresa (pampu ya gesi ya kupoza) kuwaka, imepona. Asante aliyesema nianze na themostati, ile swichi inayowasha na kuzima AC kulingana na joto. Inatumia volti 12 za betri, si zile 120 zinazoendesha kompresa. Mita ilionyesha umeme unaingia vizuri, ila waya wa kupoza hautoi kitu hata nikishusha nyuzijoto hadi mwisho. Nikagusanisha waya wa umeme unaoingia na huo wa kupoza, kompresa ikanguruma! Na fundi alishanipigia hesabu ya kubadilisha AC nzima. Nimefunga themostati mpya ya volti 12; za majumbani nyingi ni za volti 24, someni kabla ya kununua. Spidi ndogo ya feni bado haiitiki, nitaifuatilia wikiendi.