Nimebadilishiwa giaboksi nzima, kumbe ugonjwa uko kwenye kontroboksi, ile kompyuta ya gari. Na giaboksi yangu wameiuza!

Wakuu salaam, ingawa mwenzenu amani sina tangu jana.

Nina Rav4, hizi tunazoziita Kili Time, ya 2002, injini 1AZ, otomatiki. Mwezi wa nne ikaanza kisirani. Asubuhi natoka Kimara mpaka Ubungo inabadili gia huisikii kabisa. Ikishakaa kwenye foleni dakika ishirini, thelathini, ikapata moto, kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili inapiga GWA! mpaka watoto nyuma wanashikana. Nikiipaki kivulini saa moja ikapoa, imepona. Taa ya cheki injini inawaka siku mbili, ya tatu imezima yenyewe.

Hilo la kupoa na kupona nilimwambia fundi mara tatu. Mara tatu!

Gereji nilielekezwa na jirani, jina naliacha kwa sasa. Ina geti, vijana wamevaa ovaroli za rangi moja, nikajua hapa nimefika kwa wataalamu. Wakachomeka mashine, ikaleta namba za makosa, P0750 na P0755. Kijana akanigeukia: "Bosi, hizi ni solenoidi za giaboksi," yaani valvu ndogo za umeme zinazobadili gia. Laki tatu na ishirini. Solenoidi zikaletwa kutoka Shauri Moyo, zikafungwa, makosa yakafutwa kwenye mashine, nikaondoka nashukuru kabisa. Siku ya tano, GWA!

Nikarudi. Safari hii akaingia mkubwa wao mwenyewe. Akatia D, akatia R, akatia D, hata uani hakutoka nayo. "Mzee, giaboksi imeshakwenda hii. Ukiendelea kung'ang'ania itakulaza njiani." Mimi na familia yangu, kulala njiani, nani anataka? Giaboksi ya mtumba milioni moja na laki nne, ufundi laki mbili na nusu, oili ya T-IV laki na sitini. Nikakopa kwenye kikoba cha mke wangu, na hilo nalo lina uzi wake.

Giaboksi ikafungwa. Wiki moja haikuisha. Mlio ule ule, gia ile ile, muda ule ule ikishapata moto.

Sasa sikieni walichosema, bila hata haya: "Basi bosi, itakuwa kontroboksi." ITAKUWA. Yaani milioni mbili na zaidi zimeishia kwenye "itakuwa". Wakaleta moja ya mtumba, laki tatu na nusu, nikalipa tena, ndiyo, mnicheke tu. Bahati nilikuwa nimesimama pale nikaomba niione kabla haijafungwa. Kibandiko cha yangu kinaanza 89661, kisha 42, kisha tarakimu tatu. Cha kwao mwanzo ni sawa, zile tatu za mwisho siyo. Nikauliza. "Inaingia tu bosi, soketi ni moja." Kweli iliingia. Kuwasha, taa ya ulinzi inapepesa, gari haiwaki ng'o, kwa sababu kwenye gari yangu funguo inatambuliwa na hiyo hiyo kontroboksi, na hiyo waliyoleta inaijua funguo ya mtu mwingine huko Japani. Wakarudisha ya kwangu. Hela? "Duka halirudishi hela, bosi."

Jumla ni 2,480,000 na gari bado inagonga.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mzee mmoja wa Tabata, zamani fundi redio, siku hizi anashughulika na umeme wa magari. Hana geti wala ovaroli. Kwanza alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nilipofika kwenye ikipoa inapona, akacheka kidogo. Akapima chaji ya betri, volti 14.1, akafuata waya za ethi, akasema huku salama. Akaniuliza solenoidi za zamani ziko wapi. Ninazo nyumbani kwenye mfuko wa sukari, nikamletea. Akaweka mita: 12 na ushee moja, 12 na ushee nyingine. Za Toyota zikiwa baridi zinatakiwa zisome kati ya omu 11 na 15. Nzima zote! Kazi ya dakika tano na mita ya elfu ishirini, pale kwenye geti hakuna aliyeifanya.

Akanifafanulia kwamba P0750 haisemi solenoidi imekufa. Inasema kontroboksi haipati inachokitegemea kwenye njia ya solenoidi hiyo. Inaweza kuwa solenoidi, inaweza kuwa waya, inaweza kuwa kontroboksi yenyewe.

Akanambia nirudi asubuhi gari ikiwa baridi. Kontroboksi ya hii gari iko nyuma ya kile kiboksi cha dashibodi mbele ya abiria. Akaitoa, akaenda saluni ya jirani kuazima draya ya nywele, akaipuliza kama anakausha kichwa cha bibi harusi, dakika tano hivi. Akairudisha, tukatoka. Mshale wa joto la injini bado uko chini kabisa, hata mita mia mbili hatujafika: GWA! Wakuu, nilitaka kulia.

Akaifungua, akanipa lenzi nichungulie. Kwenye miguu miwili ya vipuri vya ndani, risasi inayoishika kwenye bodi ina ufa mwembamba, kipete cheusi kuzunguka mguu, kama uchafu wa ukucha. Ikipata moto inatanuka na kuachia, ikipoa inashika. Akachoma risasi upya, elfu sabini. Leo wiki ya tatu, kimya. Ameniambia bila kuficha kuwa inaweza kurudi, nianze kutafuta yenye namba ile ile tarakimu kwa tarakimu.

Na huu si ugonjwa wa kichawi. Kule Marekani Toyota wenyewe waliongeza dhamana ya kontroboksi za Rav4 za 2001 hadi 2003, miaka 10 au maili 150,000, kwa kasoro hii hii ya kubadili gia. Mtu anayejiita mtaalamu wa magari haya hajawahi kulisikia?

Kilichonileta hapa hasa ni cha jana. Nimeenda kudai giaboksi yangu ya asili, maana sasa tunajua ilikuwa nzima. Mkubwa anajibu huku anachezea simu: "Zile tunauza chuma chakavu, mzee." Giaboksi nzima ya Rav4, chuma chakavu? Wakati ya mtumba kaniuzia milioni moja na laki nne? Kuna Rav4 ya mtu inatembea mjini na giaboksi yangu, naapa.

Risiti ninazo zote, isipokuwa ya ufundi, walikataa kuandika. Wanaojua sheria: nidai giaboksi, nidai hela, au vyote? Na nianzie serikali ya mtaa au polisi moja kwa moja? Jumatatu naenda na kaka yangu. Nitaleta mrejesho.