Naomba ushauri: breki za karavani kwenye mteremko wa Kitonga

Habari zenu wanajamvi. Nina Prado ya dizeli na karavani (tela la kulala ndani) iliyotoka Afrika Kusini, ambayo ikishapakiwa maji, gesi na vyombo hufika kilo 1,400, na nakusudia kuivuta nikiwa na familia kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, kisha kurudi kwa kuteremka Kitonga.

Breki zake ni zile zinazojifunga tela linapolisukuma gari. Kwenye tambarare zinashika vizuri. Hofu yangu ni mteremko mrefu wenye kona kali, ambako tela husukuma muda wote, breki hazipumziki, na ngoma za breki zikishapata moto nguvu ya kushika hupungua, huku malori yakiwa mbele na nyuma yangu.

Fundi amenishauri nifunge breki za umeme zenye kidhibiti ndani ya gari, kwa kuwa dereva anaweza kukamata breki za tela peke yake pindi linapoanza kuyumba, na hoja hiyo naiona ina uzito. Je, kuna aliyewahi kubadilisha mfumo huu kwenye ekseli ileile, au ni lazima ekseli nzima ibadilishwe? Na ile betri ndogo ya breki za umeme, inayofunga breki tela likichomoka kwenye gari, mnaikaguaje kabla ya safari?